Mlango, mhudumu au bodaboda: uanzie wapi ukitaka wazee warudi dukani kwako

Shangazi yangu anakaa Magomeni, Dar es Salaam. Duka la jirani liko nyumba ya tatu kutoka kwake, bidhaa zimejaa, na mwenyewe ni kijana mchapakazi asiyefunga hata sikukuu. Shangazi haendi hapo. Anavuka barabara, anapita mitaa miwili, ananunua sukari ileile kwa bei ileile, kisha anarudi nayo juani. Nilidhani wamegombana. Nilipomuuliza alishangaa: wagombane kwa lipi? Duka la karibu lina ngazi tatu zisizo na pa kushika. La mbali lina benchi.

"Kule nikifika nakaa, napumua, ndiyo nasema ninachotaka," aliniambia. "Hapa nikifika nasimama kama nimekuja kudai."

Kijana wa duka la karibu hajui kama amepoteza mteja. Wazee hawasusi kwa kelele. Wanapunguza safari, halafu wanaanza kumtuma mjukuu, na mjukuu hununua kile alichotumwa basi. Ile "hebu nipe na viberiti, na huo mchele mpya umetoka wapi?" inabaki nyumbani.

Nimeandika kwa ajili ya mwenye duka kwenye fremu, yaani chumba cha biashara, ambaye ameshaona tatizo, ana akiba ndogo, na hawezi kufanya kila kitu kwa mkupuo. Njia zinazotajwa mara nyingi ni tatu: kurekebisha mlango na nafasi ya duka, kumfunza mhudumu, au kumpelekea mzee mzigo nyumbani. Kuna ya nne, punguzo la bei, ambayo nitaipitia kwa haraka kwa sababu haina mengi.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na 60 ndiyo miaka ya kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi wa umma. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022, wengi wao vijana, na ndiyo maana maduka yetu yamejengwa kana kwamba kila mtu anaweza kuruka mtaro. Lakini jiulize: mwenye nyumba wako, yule anayekuja kuchukua kodi ya miezi sita kwa mpigo, ana umri gani? Na nani anayeamua nyumba nzima ile mchele gani? Mzee wa Dar ni mteja mwenye fedha, hata kama huitoa taratibu kutoka kwenye fundo la kanga.

Nimepima kwa vigezo gani

Njia zote tatu nimeziuliza maswali yaleyale. Fedha: inatoka ngapi mwanzoni, na ngapi kila mwezi? Muda: mzee ataona tofauti lini? Anayefaidika: kuna mzee wa magoti, wa macho, wa masikio, na yupo asiyetoka kabisa, njia hii inamfikia yupi? Inapoharibikia, maana kila njia ina pake. Mwisho, inamfaa mfanyabiashara wa namna gani.

Njia ya kwanza: mlango na nafasi

Ngazi za fremu zetu zina sababu. Aliyenyanyua msingi alikuwa ameshaiona masika. Kati ya Machi na Mei, maji yakifurika mtaani, fremu iliyo sawa na barabara inageuka bwawa. Ndipo tukarithi vizingiti virefu, mtaro wazi mbele yake, na bamba la zege juu ya mtaro linalocheza kila ukilikanyaga. Kijana anaruka. Mzee anapima kwa macho, anapima tena, kisha anamwita muuzaji, "Mangi!", akiwa ng'ambo.

*Fedha.* Mteremko wa zege ndio watu wanaoufikiria kwanza na ndio wanaoukosea zaidi. Kipimo kinachofuatwa kwa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa mita 1.8. Hiyo ni mifuko michache ya saruji, mchanga, kokoto na siku ya fundi. Lakini ngazi tatu zenye jumla ya sentimita 45 zinataka mita 5.4, na fremu nyingi hazina hata mita mbili kabla ya kuingia barabarani. Fundi atakwambia, "Bosi, tutaubana." Mkatalie. Mteremko uliobanwa ni hatari kuliko ngazi, kwa sababu ngazi mzee anaizoea, ila mteremko mkali ukilowa unamchukua miguu yote miwili.

Ukikosa urefu, zitengeneze hizo ngazi vizuri. Zilingane kimo, maana ngazi inayoangusha watu ni ile iliyozidi wenzake kwa sentimita tatu. Kingo zipakwe rangi ya njano ili jicho lione inapoishia moja na kuanza nyingine. Pembeni weka bomba la kushikia, kimo cha sentimita 90 hivi, la duara, linaloenea kiganjani. Fundi wa kuchomelea anaweza kulimaliza kwa siku moja.

Ndani ya duka, kitu cha bei nafuu kuliko vyote ni kiti, na kwa maoni yangu hakuna kinachorudisha fedha haraka kama hicho. Kiti kiwe na mikono, kwa sababu mzee wa magoti huinuka kwa kusukuma na mikono yake. Stuli isiyo na mgongo haimsaidii. Kiti cha plastiki kinafaa kama kimeegeshwa ukutani. Kikiwa katikati ya sakafu ya marumaru kinateleza pale anapokiegemea, na ni afadhali asingekaa. Nyumba za Waswahili wa pwani hazikusubiri kufundishwa haya: baraza lilikuwa nje, wazee wamekaa, bao linachezwa, mpita njia anasalimia, na muuza kahawa anajua pa kusimama. Fremu ndiyo iliyolifuta baraza. Ukiweka benchi unalirudisha.

Mwanga nao ni wa kuangalia. Umri unavyosogea mboni ya jicho hubaki ndogo na lenzi hugeuka manjano, hivyo mwanga unaofika ndani hupungua sana. Duka unaloliona wewe lina mwanga wa kutosha, yeye analiona limefifia. Balbu moja ya LED juu ya kaunta, iliyokingwa isimpige machoni, na bei zilizoandikwa kwa tarakimu kubwa nyeusi kwenye karatasi nyeupe: hapo ndipo utakapoacha kusikia "nisomee mwanangu".

Kisha lile dirisha la nondo na wavu. Naelewa usalama, na mji huu sote tunaujua. Lakini wavu unaficha midomo, na mzee asiyesikia vizuri husoma midomo bila mwenyewe kujua. Kidirisha cha wazi, kilicho kwenye kimo cha uso wa mtu mzima, hakimpi mwizi nafasi ya kupita na kinampa mzee uso wa kuzungumza nao.

*Muda.* Zege likikauka tu. Hakuna cha kumshawishi mtu wala cha kukumbushana.

*Anayefaidika.* Mzee wa magoti na wa macho kuliko wote, na pamoja naye mama mwenye mtoto mgongoni, mwenye mkokoteni wa soda, na mtu aliyevunjika mguu juzi. Waliopanda basi la mwendokasi tangu lilipoanza mwaka 2016 wameliona hili: kituo kiko usawa mmoja na sakafu ya basi, kila mtu anaingia, na hakuna anayesema ule usawa uliwekwa kwa ajili ya wazee. Mzee asiyetoka nyumbani hafaidiki na chochote hapa. Mzee wa masikio anafaidika na kile kidirisha, basi.

*Inapoharibikia.* Kwa mwenye jengo. Unajenga kwa fedha yako kwenye jengo la mtu, kodi inaisha, anakuja mpangaji mwingine mwenye dau kubwa, na ngazi zako nzuri zinabaki. Zungumza na mwenye jengo kabla, ikibidi gharama ikatwe kwenye kodi, na muandikishane. Pa pili ni barabarani. Mteremko unaotokeza kwenye hifadhi ya barabara au unaoziba mtaro unaweza kukuletea alama ya X ukutani, ile ya kubomolewa. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Kapige hodi serikali ya mtaa kwanza wakuelekeze. Pa tatu ni pa kuchekesha kidogo: benchi lako litageuka kijiwe cha bodaboda ndani ya wiki. Sina dawa nzuri zaidi ya kusema wazi tangu siku ya kwanza kwamba mzee akifika, wanapisha. Nimeona wakipisha.

*Inamfaa* mwenye jengo lake, mwenye mkataba mrefu, duka la dawa, wakala wa fedha, saluni, mgahawa, yaani mahali popote ambapo mteja anasubiri. Kwa mgahawa ongeza choo kisicho na ngazi. Mzee anayemeza vidonge vya presha vinavyomkojoza, au mwenye tezi dume, haagizi hata chai mahali asipojua choo kiko wapi.

Kuna pia upande wa sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yanayohudumia umma yafikike, na jengo linalofikika linamfaa pia mzee anayetembelea fimbo. Wenye fremu wengi huona hayo ni ya mahoteli na maofisi.

Njia ya pili: mhudumu

*Fedha.* Karibu bure, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu kitu cha bure hakuna anayekifuatilia. Gharama yake halisi ni saa zako za kukaa na vijana wako, na mshahara unaowafanya wabaki. Kijana uliyemfunza Januari akiondoka Machi, amekwenda na mafunzo.

*Muda.* Wiki kadhaa. Mzee aliyewahi kufokewa harudi siku ileile umeanza kuhudumia wengine vizuri. Anarudi aliposikia kwa mwenzake msikitini au kwenye jumuiya kwamba pale pamebadilika.

Watu hudhani hapa kinachotakiwa ni shikamoo. Shikamoo tunayo sote. Ipo hata ile inayotamkwa macho yakiwa kwenye simu, na mzee anaijua kwa sauti tu, anaijibu "marahaba" ya kumaliza deni. Yanayohesabika ni mambo madogo yanayofuata.

La kwanza ni kuzungumza naye mwenyewe. Mzee akija na binti yake, wahudumu wengi humgeukia binti: "Anataka kipi?" Mzee yupo, anasikia, na fedha ni zake. La pili ni sauti. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile zinazotofautisha "sita" na "fita", kwa hiyo ukipaza sauti ikawa kali unamwongezea kelele bila kumwongezea maneno. Mtazame, teremsha sauti, nenda polepole, tenganisha maneno. Na lile sabufa linalopiga singeli mlangoni, lipunguze anapoingia. Najua linaita wateja. Ila yeye linamfukuza.

La tatu ni majina. "Mzee" kwa mwanamume wa Dar ni heshima, hata wa miaka 45 anafurahi. "Bibi" ni suala jingine. Wapo akina mama wa miaka 62 wanaojipamba vizuri kuliko wahudumu wako, na ukiwaita bibi umewazeesha mbele za watu. Sema "mama" mpaka mwenyewe akuoneshe anapenda nini.

La nne, ambalo ningelitilia mkazo kuliko mengine, ni simu. Malipo ya simu kwa Lipa Namba yamerahisisha mambo kwa vijana, na yamewaweka wazee mahali pabaya. Haoni vitufe, menyu inakatika kabla hajamaliza, foleni nyuma inaguna, kwa hiyo anampa mhudumu simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti. Mhudumu mwaminifu anamsaidia. Asiye mwaminifu naye anamsaidia, siku ile. Weka kanuni ya duka: hakuna mhudumu anayepokea namba ya siri ya mteja, hata akiombwa na mzee mwenyewe. Mhudumu aandike kiasi na namba, asome kwa sauti jina lililotokea, amgeuzie mzee simu aweke namba ya siri mwenyewe, naye atazame pembeni. Ikichukua dakika tatu, ichukue. Na mzee akija na ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mhudumu asiishie kucheka. Amwoneshe jinsi ya kuupeleka 15040, namba iliyowekwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ajili hiyo.

*Anayefaidika.* Mzee wa masikio, wa macho, na yule anayeanza kusahausahau, ambaye hakuna kiti wala mteremko unaomsaidia. Anahitaji mtu anayekumbuka kwamba jana alinunua chumvi, amuulize kwa upole kama anahitaji nyingine. Wa magoti anafaidika nusu: mhudumu anaweza kutoka nje kumhudumia, na wapo wanaofanya hivyo kwa mapenzi, lakini mzee haombi hilo kila siku. Anaona haya.

*Inapoharibikia.* Saa za foleni. Saa kumi na mbili jioni, kila mtu anataka mkate na umeme wa luku, subira inakwisha hata kwa malaika. Inaharibikia pia kwenye upole uliozidi, ule wa kumsemesha mzee kama mtoto. Mtu aliyesimamia bandari kwa miaka thelathini haambiwi "babu, umeelewa eeh?"

*Inamfaa* mwenye fremu ya kupanga asiyeruhusiwa kugusa ukuta, na kila anayeshika fedha au dawa za watu. Inamfaa hasa anayekaa dukani mwenyewe. Kama hukai dukani, jiulize nani atakayesimamia.

Njia ya tatu: mzigo uende nyumbani

*Fedha.* Mwanzoni hakuna kitu: simu unayo, daftari unalo, bodaboda wako nje wanasubiri. Gharama inakuja kila safari. Tuseme mzigo wa shilingi 30,000 unakuachia faida ya 3,000, na bodaboda anachukua 1,500. Nusu imeondoka. Mzigo wa 8,000 haulipi kabisa, isipokuwa mzee alipie usafiri au uunganishe nyumba tatu za mtaa mmoja kwa safari moja. Wanaofanikiwa wanaweka siku: Jumanne na Ijumaa asubuhi, oda zote zipokelewe jana yake.

*Muda.* Wiki ya kwanza inakwenda, ya pili inakwenda, kisha mvua inanyesha na utajua kama una mfumo au una bahati.

*Anayefaidika.* Asiyetoka: aliyepooza upande, anayemuuguza mwenzake, anayekaa gorofa ya nne Upanga au Kariakoo na lifti haifanyi kazi. Kwa huyu njia mbili za kwanza ni hadithi. Wanafaidika pia watoto walioko mbali. Mtu yuko Mwanza au Muscat, anakutumia fedha, anataka kujua mama amepata unga na mafuta. Huyo ni mteja wa kila mwezi asiyebishana bei, na kwa biashara nyingi ndiye anayelipia huduma nzima.

*Inapoharibikia.* Pa kwanza ni mlangoni kwa mzee. Unamzoesha mtu anayekaa peke yake kumfungulia mgeni mwenye kofia ngumu. Mpe kazi hiyo bodaboda mmoja au wawili mnaofahamiana, mtambulishe kwa miguu mara ya kwanza, na mzee apigiwe simu na mtu anayeijua sauti yake kabla ya safari kuanza. Akija mwingine, asifungue.

Pa pili ni anwani. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 iliweka namba kwenye nyumba, na namba zinasaidia, lakini wazee wengi bado wanaelekeza kwa mwembe uliokatwa miaka kumi iliyopita. Andika daftarini vyote viwili.

Pa tatu ni mikopo. Oda ya simu huzaa "nitakulipa mwisho wa mwezi", pensheni ikiingia. Wengi hulipa. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari, na kumdai mzee ni kazi ngumu kuliko kumdai kijana. Wekeni kikomo mapema, kwa heshima, mbele ya mwanawe kama yupo.

Na pa nne, ambapo huenda nikabishiwa: ukimpelekea kila kitu mzee ambaye bado anatembea, unamfungia ndani. Zile hatua za kwenda dukani ndiyo mazoezi yake, na zile dakika kumi za kuulizana habari za msiba wa jana ndiyo siku yake ilivyokwenda. Mjane wa Tandika akiacha kutoka, sukari si kitu cha kwanza atakachokosa. Kwa anayeweza kuja, peleka tu vile vizito, yaani gunia, mtungi wa gesi na katoni ya maji, na vidogo umwachie avifuate mwenyewe.

*Inamfaa* duka la jumla, muuza gesi, duka la dawa lenye wagonjwa wa sukari na presha wanaorudia dawa zilezile kila mwezi (dawa ya cheti daktari aiandike kama kawaida, unachopeleka ni mzigo), na duka lililo kwenye jengo lisilorekebishika.

Punguzo na siku ya wazee

Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, utaona mabango. Punguzo la siku moja linapendeza kwenye picha, lakini halimsaidii aliyeshindwa kupanda ngazi. Punguzo la kila siku linakula faida yako, na linamlazimu mtu kujitangaza umri mbele za watu ili apate mia mbili. Wapo wasiojali, wapo watakaokasirika. Kinachovuta zaidi ni dirisha la kwanza: mzee asipange foleni. Hospitali za umma zimeshawazoesha watu kumpisha mzee, kwa hiyo ukilifanya dukani hakuna atakayeuliza kwa nini. Saa ni za kuangalia pia. Wazee wengi wanapenda asubuhi, kabla ya jua, baada ya chai. Kama mhudumu wako bora anaingia saa tano, umempangia zamu ya vijana.

Kabla hujatoa hata shilingi

Kaa nje ya duka lako asubuhi mbili. Tazama wazee wanakatikia wapi. Kama wanasimama ng'ambo ya mtaro na kuita, unawapoteza mlangoni. Kama wanafika kaunta, wanauliza mara mbili, kisha wanaondoka na kitu kimoja, unawapoteza kwa mhudumu au kwa mwanga. Kama huwaoni kabisa, ila unawaona wajukuu wakija na karatasi zenye mwandiko wa zamani uliosimama wima, basi wako nyumbani. Mmoja wa hao wajukuu umuulize: bibi hajambo? Mbona haji? Utapata jibu lisilo na adabu na la kweli.

Kisha chagua kulingana na ulipo.

Jengo likiwa lako na mtaa ni wa nyumba za zamani, kama Ilala au Magomeni, anza na ngazi, bomba na benchi. Mhudumu atafuata, kwa sababu mzee aliyekaa husema kinachomkera.

Kama ni wakala wa fedha kwenye kibanda cha mita moja, huna pa kuweka mteremko. Fanya kanuni ya namba ya siri leo, weka kiti kimoja chenye mikono kivulini, basi.

Duka la dawa linahitaji mbili kwa pamoja, mwanga na mhudumu. Maelezo ya "kidonge kimoja mara mbili" yaandikwe kwa kalamu nene juu ya bahasha, na mzee ayarudie kwa mdomo wake kabla hajaondoka. Kupeleka nyumbani kuje baadaye, kwa wale wa kila mwezi.

Mama lishe mwenye meza nne: kiti chenye mgongo, choo kinachofikika au jirani aliyekubali chake kitumike, na ugali laini kwa anayetaka laini. Usinunue hata bango.

Fremu iliyo juu gorofani, au ile ya Kariakoo katikati ya msongamano ambapo kijana mwenyewe anapigwa vikumbo: usihangaike kumvuta mzee aje. Nenda wewe. Chukua oda kwa simu, peleka kwa siku maalumu, na watafute wale watoto walioko mbali.

Na kama uko kama yule kijana jirani wa shangazi, kodi imebaki miezi minne, mwenye nyumba hataki ngazi zake ziguswe, na mfukoni una kidogo? Muombe fundi akutengenezee bomba la kushikia linalofungwa kwa bolti, ambalo utaling'oa na kuondoka nalo ukihama. Weka kiti kimoja pembeni ya mlango, kwenye kivuli. Halafu tembea hizo nyumba tatu kampigie hodi shangazi, umwambie umeweka kiti.